Baada ya Kura Kuhesabiwa



Mwezi huu twaiweka kando maudhui tuliyoikusudia, kwani tumeletewa barua ambayo hatukuona insafu kuichelewesha. Imetoka Dar es Salaam, kwa kijana aliyesoma katika chuo chetu hapa Makambako tangu alipokuwa hajui kushika kalamu. Tumemwomba idhini ya kulizungumza jambo lake mbele yenu, naye ameikubali kwa sharti kwamba jina lake na la mtaa wake tuyafiche.

Kijana huyu alikwenda Dar es Salaam kama waendavyo vijana wengi wa nyanda zetu hizi. Alianza kwa kuuza katika duka la mtu Kariakoo, kisha akajaaliwa kufungua lake. Tarehe 27 Novemba 2024, siku ambayo Tanzania Bara ilichagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa, jina lake lilikuwamo katika karatasi ya kura, akiutaka uenyekiti wa mtaa anaokaa. Hakushinda.

Tangu siku ile, asema, hana raha. Sehemu ya mtaji wa duka aliitia katika kampeni, na mpaka leo yako madeni hajayalipa. Msikiti wa mtaani ameuhama. Husali mbali, kwa sababu katika safu za msikiti ule huwaona watu waliokula pilau nyumbani kwake kisha wasimpe kura. Mkewe husimangwa na ndugu zake kwamba ameolewa na mtu aliyetupa mali. Mwisho wa barua ameuliza swali moja: "Shikamoo Maalim. Nihame mtaa huu, au nikae?"

Twalijibu swali hili hadharani kwa sababu si la mtu mmoja. Kila baada ya miaka mitano maelfu ya watu katika nchi yetu husimama mbele ya majirani zao wakaomba kuchaguliwa. Kwa kila kiti hushinda mmoja, na wenziwe hurudi majumbani. Khabari za aliyeshinda huenea na hufanyiwa sherehe; aliyeshindwa huachiwa mkewe na wanawe. Katika hao walioshindwa wamo waume zetu, kaka zetu, dada zetu na wana wetu, na hapana mtu awafundishaye namna ya kurudi nyumbani.

Mwenye kumshauri aliyeanguka mtini ni vyema awe naye ameonja kuanguka. Basi hatuna budi kukiri jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui. Tarehe 14 Desemba 2014, sisi nasi tuligombea uenyekiti wa mtaa hapa Makambako, na tukashindwa.

Mji wetu, kama wajuavyo wapitao, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapa na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo ina kituo chake. Kwa hiyo wakazi wake ni mchanganyiko: Wabena wenyeji, Wahehe, Wakinga, na wengine walioteremka katika basi wakabaki. Sisi Waislamu si wengi. Tuliahidi mambo manne: kuzibua mfereji ambao maji yake ya mvua huingia majumbani, kusimamia uzoaji wa taka, kuwarudisha shuleni watoto wazururao stendi, na kuwahudumia wote bila kuangalia dini wala kabila. Jioni ya siku ile kura zikahesabiwa, na mwenzetu akatangazwa.

Tuliporejea nyumbani tulianza hesabu ya pili, ambayo hakuna msimamizi aliyetutuma kuifanya. Fulani hakutupa, fulani naye hakutupa, yule tuliyemfundishia wanawe bila ya ada, naye pia. Jirani mmoja, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, tulimwona amesimama pamoja na washindi akicheka. Tangu siku ile salamu yake tukawa twaiitikia kwa ncha ya ulimi. Mwana wetu aliyekuwa darasa la tano alirudi shuleni akilia, kwa kuwa wenziwe walikuwa wakimwita "Mheshimiwa" kwa dhihaka. Badala ya kumbembeleza tulimwuliza ni wana wa nani waliosema hivyo, tupate kuwatia baba zao katika orodha ya mahasimu. Mama watoto alitutazama, asiseme neno. Alikuwa amekwisha ona kwamba si kura tu zilizopotea katika nyumba ile.

Kisha tukakimbia. Tulifunga safari kwenda Njombe kwa dada yetu mkubwa, kilomita zipatazo 60, tukisingizia kwamba twafuata mbegu za viazi, maana msimu ulikuwa ule wa kupanda. Dada alitupokea, akatuandalia chakula, akatuacha siku tatu bila kutuuliza kitu. Siku ya nne alisema, "Mwalimu, Makambako wanakujua, ndiyo maana waliweza kukukataa. Hapa Njombe nani anakujua hata akukatae? Wana wa watu wanakungoja chuoni. Rudi."

Tulirudi, ila miili tu. Nyoyo zilibaki na kinyongo. Aibu yetu ilizidi kwa kuwa kila mwaka tuliwasomesha vijana sira ya Khalid bin Walid, jinsi Khalifa Umar alivyomwondoa katika uamiri wa jeshi huko Sham na kumweka Abu Ubayda bin al-Jarrah, na jinsi Khalid alivyoendelea kupigana chini ya amri ya mwenzake. Kisa hiki twakijua kwa moyo, na siku tuliyokihitaji hatukukikumbuka.

Ilipofika Julai ya 2015 mama yetu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Asubuhi ilikuwa na baridi na ukungu mwingi, kama wajuavyo wakazi wa huku. Tulipofika makaburini kutazama mahali pa kuchimba, tulimkuta mtu ametutangulia, jembe mkononi, ardhi ameishaanza kuifungua. Alikuwa ni jirani yetu yule wa ukuta mmoja. Na huko nyumbani mwenyekiti aliyetushinda, ambaye si Muislamu, ndiye aliyekuwa akihangaika wageni wapate viti na chai, asiondoke mpaka jioni. Mpaka leo hatujui jirani yetu alimpa nani kura yake, wala hatukumwuliza. Tulimwomba radhi kwa salamu tulizomnyima, naye akatwambia kwamba alifikiri tulikuwa wagonjwa.

Usiku baada ya watu kuondoka tuliifanya hesabu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyotufungua macho. Kura tulizopata zilizidi idadi ya Waislamu wote watu wazima wa mtaa ule. Maana yake ni kwamba wako watu wasiosali nasi, pengine tusiowajua hata kwa majina, ambao siku ile waliingia peke yao wakatuchagua sisi, wakatuamini. Kwa miezi saba tulikuwa tukiwaandama kwa chuki waliotukataa, na hao waliotuamini hatukuwafikiria hata mara moja. Mfereji ulikuwa bado umeziba. Taka zilikuwa pale pale.

Hivyo, mwanangu, neno letu la kwanza kwako ni hili: kura ulizopata ni amana. Aliyeshinda anayo amana ya mtaa mzima, nawe unayo amana ya hao waliokuamini. Hukuwaomba wakupende, uliwaambia kwamba yako mambo utayatenda. Kaa chini na mkeo, mwandike katika karatasi yote uliyoahidi, kisha uyagawe mafungu mawili. Fungu moja ni la yale yahitajiyo ofisi ya mtaa: kuitisha mkutano wa hadhara, kuandika barua za utambulisho, kuyapeleka mambo kwenye kata. Hayo si yako tena mpaka 2029. Mwachie mwenyewe na umsaidie. Fungu la pili ni la yale yasiyohitaji kiti. Sisi tulipogawa yetu, tuliona kwamba katika ahadi nne, ni ya taka tu iliyohitaji ofisi. Jumamosi moja tulikwenda mferejini na vijana wa chuo, na kabla ya adhuhuri watu wa mtaa walikuwa wametoka na majembe yao, mwenyekiti akiwa mmoja wao.

Neno la pili ni juu ya pilau, na usituone wakali. Wasema waliila kisha hawakukupa kura. Je, pilau ile ilikuwa nini? Ikiwa ilikuwa karamu ya kheri kwa majirani, malipo yake hayako katika sanduku la kura, na kumdai mtu sadaka uliyompa ni kuibatilisha. Na ikiwa ilikuwa bei ya kura, basi jina lake ni rushwa, hata ikipikwa kwa bismillahi. Sheria ya nchi yaikataza na dini yaikataza. Waliokula wakapiga kura kama walivyoona nyoyoni mwao wamekuokoa na jambo zito kuliko kushindwa. Ungeshinda kwa pilau ile, ungekaa miaka mitano juu ya kiti ulichokinunua. Rudi msikitini kwako, simama katika safu karibu na mmoja wao, na umtolee salamu wewe kwanza.

Neno la tatu ni madeni. Aliyekukopesha hakugombea pamoja nawe. Uenyekiti wa mtaa hauna mshahara, na anayeutafuta ili aje kulipa madeni ya kampeni amekwisha jiandaa kukhini kabla ya kuapishwa. Waendee wanaokudai mmoja mmoja, uwaambie kwa uwazi una nini na utalipa lini, na jambo hili ulitangulize mbele ya yote. Na enyi wakwe na mashemeji, mwacheni binti wa watu apumue. Kumsimanga mke kwa jambo ambalo mumewe analijutia usiku na mchana hakumrudishii mtu hata senti moja, bali huvunja nyumba ambayo uchaguzi haukuivunja.

Yaweza kuwa utasema: Maalim, yako mtaa mdogo wa Makambako ni mepesi, mimi nimeshindwa katika jiji kubwa, mbele ya watu wengi. Basi tazama hapo hapo Kariakoo unapofungua duka lako kila asubuhi. Katika miaka ya 1950 msimamizi wa soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, Muislamu, mzaliwa wa 1924, ambaye baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929. Yeye mwenyewe alikuwa akikiongoza chama hicho, kilichokuwa kimekwisha itwa TAA, na tarehe 17 Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglo, alishindwa katika uchaguzi wa urais wa chama na mwalimu wa shule kutoka Pugu, Julius Nyerere. Kweli hiki hakikuwa cheo cha serikali; lakini kushindwa ni kule kule, katika mji wake mwenyewe, mbele ya watu waliomjua tangu utotoni, na aliyemshinda ni mgeni wa mji.

Je, alihama? Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, na kadi za kwanza zilipotolewa, ya kwanza ilikuwa ya Nyerere, ya pili ya Ally Sykes nduguye Abdulwahid, na ya tatu ni ya Abdulwahid mwenyewe. Aliyeshindwa akapokea kadi chini ya aliyemshinda, na miaka saba baadaye nchi ikapata uhuru. Alifariki mwaka 1968, na hadi leo hakuna aandikaye khabari za mwanzo wa TANU kwa haki akaweza kuliruka jina lake.

Na ukitaka jiji kubwa zaidi, lipo. Mwaka 2017 katika jiji la New York, Marekani, Khader El-Yateem, Mpalestina mzaliwa wa Beit Jala na mchungaji wa kanisa la Kilutheri, aligombea udiwani katika sehemu ya Brooklyn iitwayo Bay Ridge. Katika mchujo wa chama chake alishindwa na Justin Brannan. Miongoni mwa waliozunguka mlango kwa mlango kumwombea kura alikuwamo kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1991, aitwaye Zohran Mamdani. Mwaka uliofuata kijana huyo akamsaidia mgombea mwingine, Ross Barkan, naye pia akashindwa. Mwaka 2020 Mamdani akachaguliwa katika baraza la kutunga sheria la jimbo, na tarehe 4 Novemba 2025 akachaguliwa kuwa meya wa New York. Hatuyasemi haya ili ujipe matumaini ya kuwa meya. Twayasema ili ujue kwamba yule mchungaji alipokwenda kulala usiku wa kushindwa kwake, hakuweza kujua ni nani aliyejifunza kazi ya kuwaendea watu kwa kumfuata yeye. Nawe walikufuata vijana katika kampeni. Wakikuona umefunga mlango na kuacha kusalimiana na watu, watajifunza hilo pia.

Hatuna budi kusema neno jingine, ili tusionekane tunaifunika dhuluma kwa nasaha. Kushindwa ni jambo moja na kudhulumiwa ni jambo jingine. Mwaka 2019 vyama vya upinzani kadhaa vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa, na mwaka 2024 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka Dar es Salaam na miji mingine, watu wakapoteza maisha, na wako wazazi ambao machozi yao hayajakauka. Mwenye ushahidi kwamba amedhulumiwa ana haki ya kudai, na mahali pa kudai ni mbele ya sheria, kwa ushahidi, na kwa wakati uliowekwa. Kunyamaza juu ya dhuluma si subira. Lakini wewe, mwanangu, katika kurasa zote za barua yako hukutaja dhuluma hata moja, umetaja pilau. Basi usivae vazi la aliyedhulumiwa, kwani lina wenyewe, na watalihitaji.

Kwa wazazi twaongeza hili. Mtoto ambaye baba yake ameshindwa hadharani husoma uso wa baba yake kila siku. Sisi somo la kwanza tulilompa mwana wetu lilikuwa ni kuwachukia wana wa watu, na ilituchukua muda mrefu kulifuta. Siku tulipomchukua pamoja nasi kwenda kumpa mkono mwenyekiti, aliuliza njiani, "Baba, kwani si ndiye aliyetushinda?" Tukamwambia, "Ndiye, na mfereji tutauzibua pamoja naye." Sasa ni mtu mzima. Jina la "Mheshimiwa" wenziwe wa utotoni humwita mpaka leo, naye hucheka.

Na je, ugombee tena mwaka 2029? Hilo hatukuamulii. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimnasihi Abdurrahman bin Samura asiutafute uamiri kwa kuuomba. Lakini Nabii Yusuf naye, aliponyakwa katika gereza la dhuluma akawekwa mbele ya mfalme, aliomba akabidhiwe hazina za nchi kwa kuwa aliijua kazi ile na njaa ilikuwa yaja. Wanavyuoni wameyazingatia yote mawili. Sisi twakupa kipimo kidogo tu: fanya kwanza yale yasiyohitaji kiti. Ukiyafanya miaka mitatu, na majirani wakaja kukugongea wakisema wakuhitaji, utakuwa na la kuwajibu. Na wasipokuja, mfereji utakuwa umezibuliwa vile vile.

Swali lako lilikuwa: nihame au nikae? Jibu letu ni kwamba ukae. Kaa mpaka uwe umelipa deni la mwisho na umemsalimia mtu wa mwisho. Baada ya hapo, ukitaka kuhama kwa ajili ya nyumba bora au biashara, hama na kheri. Utakuwa ukihama kama wahamavyo watu, wala si kama mtoro. Na ukija Makambako, fika chuoni. Wadogo zako wamezidi kuwa wengi na sauti yetu si ile ya zamani. Twahitaji mtu wa kuwasimulia kisa cha Khalid ambaye yeye mwenyewe amekionja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.